Tundu la Pili

Jua lilikuwa linazama Mama Risasi alipotoka kumrudishia dobi pasi yake. Jina hilo lisikutie hofu, maana huyo mama hajawahi kushika bunduki. Risasi yake ni ile ya kuchomelea nyaya, inayoyeyuka kwenye ncha ya kichomeo na kung'aa kama tone la fedha. Alikuwa fundi wa redio, tivii na chochote kinachotumia umeme kikagoma, na watu wa mtaa ule walikuwa na msemo wao: kitu kikimshinda Mama Risasi, kizike.

Dobi aliichomeka pasi, akatema mate kidogo juu ya bati lake. Mate yakalia chwiii.

"Fundi, wewe ukifa sisi tutavaa nguo zenye makunyanzi mpaka kaburini."

"Basi niombee uzima," Mama Risasi akajibu, akarudi zake.

Toka kwa dobi hadi dukani kwake hazizidi nyumba tano. Alipokaribia alimwona bintiye amesimama mlangoni, daftari la hesabu limebanwa kifuani. Mtoto huyo wa miaka minane alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata muuguzi akamwita Nukta, na jina likamganda. Hakuwa na ndugu. Mama Risasi alimpata baada ya kuharibikiwa na mimba tatu, kwa hiyo ukimgusa Nukta umegusa mboni ya jicho lake.

"Mama," Nukta akanong'ona, "kuna bibi ndani. Ameniuliza nina miaka mingapi."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia. Akasema, 'Rika moja.'"

Ndani, kwenye kigoda cha wateja, alikaa bibi mmoja msafi, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Mapajani alikuwa na kikapu. Duka zima lilinukia poda. Poda ile ya watoto wachanga... nzito, kana kwamba mtu amemwaga kopo zima sakafuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye fundi."

Akafunua kikapu. Ndani ya sweta dogo la mtoto kulikuwa na mashine ya gemu. Mama Risasi aliijua mara moja. Ile mashine kubwa ya kuchomeka kwenye tivii, ambayo watoto wa wenye nafasi walijivunia, kampuni yake ilikuwa imeitolea mdogo wake kwa ajili ya sisi wengine. Umbo ni lile lile, ila imepungua hadi ikaenea kwenye kiganja. Haina pa kuingizia sahani. Gemu zake chache zimo humo humo. Na badala ya matundu mawili ya pedi za kuchezea, ina moja tu. Mafundi waliiita Kinyungu, yaani chungu kidogo, kwa kuwa ilikuwa na kila kitu cha mkubwa isipokuwa ukubwa.

Kinyungu hiki kilikuwa kimefungwa pamoja na betri kwa utepe wa gundi. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

"Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Nataka uiwekee tundu la pili."

Mama Risasi akacheka kidogo. "Bibi, hizi hazikuumbwa kwa watu wawili. Anayetaka wacheze wawili hununua ile kubwa."

"Sitaki nyingine. Nataka hii." Bibi aliilaza mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyepitiwa na usingizi. "Mjukuu wangu amechoka kucheza peke yake."

"Naye yuko wapi?"

Bibi alimtazama Nukta, kisha akatazama chini.

"Jambo moja tu," akasema akiinuka. "Usiizime."

"Nitachomeleaje kitu kinachowaka?"

"Utajua mwenyewe. Si wamesema wewe ni fundi?"

Hapo ndipo alipomshika. Mama Risasi alikuwa mtu mwema, lakini ukitaka kumpeleka popote mguse ufundi wake. Aliichukua kazi.

*

Kesho yake mchana, Nukta akiwa shule, aliketi kuifungua. Alitoa skrubu nne kwa bisibisi nyembamba, akainua kifuniko. Cha kwanza alichokiona kilimfurahisha. Kwenye bodi, pembeni mwa tundu la pedi, palikuwa na vitobo vitano vitupu vimejipanga. Kiwandani walikuwa wameliandalia nafasi tundu la pili, kisha wakabana matumizi, wakaacha kuliweka. Kumbe kazi ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani!

Cha pili hakikumfurahisha.

Katikati ya bodi, mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu, palikuwa na jino.

Jino la utoto. Dogo, jeupe, limezungushiwa nywele mbili tatu na kuchomelewa kwa nyaya mbili kama kipuri kingine chochote. Aliyelichomelea alikuwa na mkono mzuri. Risasi ilikuwa safi, haikuacha hata uvimbe.

Mama Risasi aliliangalia kwa muda. Huzuni humfanya mtu atende mengi, alijiambia. Huenda mtoto kafa, bibi kaficha kumbukumbu yake humu. Akachukua mita ya kupimia umeme, akaweka ncha zake kwenye zile nyaya mbili, ili tu kujiridhisha. Jino ni mfupa. Jino halipitishi umeme.

Mshale wa mita ukapanda.

Ukashuka.

Ukapanda... ukashuka...

Polepole, kwa mpigo mmoja. Mama Risasi alijikuta naye anapumua kwa kuufuata. Akaondoa zile ncha haraka.

"Unyevu," akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Akakata waya wa betri. Taa nyekundu ikafifia, lakini haikuzimika. Umeme wa mabaki, akajiambia tena; vipo vipuri vinavyotunza umeme kidogo baada ya kuukata. Hutunza kwa dakika moja, mbili hivi. Alikaa nusu saa akiitazama taa ile. Iliendelea kuwaka.

Hapo ndipo alipopaswa kufunga kifuniko na kuirudisha kwa bibi. Alilijua hilo wakati ule ule, na baadaye aliapa kwamba alilijua. Lakini vile vitobo vitano vilikuwa vinamwita. Alikuwa na tundu la mashine mbovu kwenye kopo la spea, lenye miguu mitano, saizi ile ile. Mkono wake ukawahi kuliko akili. Mguu wa kwanza, moshi mwembamba. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Alipochomelea wa tano alisikia sauti ndogo, mahali fulani ndani ya bodi.

Kama mtu aliyeshusha pumzi.

*

Jioni Nukta alirudi, akala, akakaa pembeni na daftari lake. Mama Risasi alitaka kumalizana na kazi ile kabla bibi hajaja kuichukua. Akaurudishia waya wa betri kwa kichomeo, akaunganisha mashine na tivii ndogo ya dukani, akachomeka pedi mbili za zamani.

Hakukuja gemu. Ilikuja picha ya ua mdogo, wa nukta nukta kubwa kama michezo ya zamani. Ukuta, mlango, nyumba. Chini ya ukuta alikaa kijitu, magoti yamekumbatiwa. Mama Risasi alibonyeza pedi, kijitu hakikutii. Akabonyeza tena. Kikainua kichwa chenyewe.

Kikasimama. Kikaja mbele, mpaka ukingoni mwa kioo, kikasimama hapo kama mtu anayechungulia dirishani. Juu yake maneno yakaanza kuwaka na kuzima.

MCHEZAJI WA PILI?

"Mama, gemu gani hiyo?" Nukta alikuwa ameshasogea.

"Usiguse. Ni ya mteja."

"Siigusi, naangalia tu."

Na wakati huo huo, kutoka nje, sauti ya dobi: "Fundi! Fundi, njoo! Pasi inatoa cheche!"

Mama Risasi aliruka. Pasi ile aliitengeneza mwenyewe, na dobi alikuwa na watoto wanne mle ndani. "Usiguse kitu!" akamwambia Nukta, akachomoka na kandambili zake mbio.

Dobi alikuwa amekaa mlangoni, ananyoosha miguu. Pasi ilikuwa rafuni, waya umeviringwa.

"Cheche ziko wapi?"

"Cheche gani?"

"Si umeniita?"

Dobi akamtazama kwa mshangao. "Fundi, mimi tangu magharibi sijafungua mdomo. Meno yananiuma."

Mama Risasi hakumbuki alivyozipita zile nyumba tano kurudi. Kandambili moja iliokotwa kesho yake mtaroni.

Duka lilikuwa kimya.

Harufu ya poda ilimpiga mlangoni kama kofi.

Nukta alikaa sakafuni mbele ya tivii, pedi ya pili mikononi. Macho wazi. Hayapepesi. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa vinatembea juu ya vitufe... tak, tak, tak... upesi, kama vya mtu mwingine.

"Nukta."

Akamtikisa bega.

"Nukta, mwanangu!"

Kwenye kioo vijitu vilikuwa viwili. Cha pili kilivaa gauni la kijani, sare ya shule aliyoivaa Nukta pale sakafuni. Walishikana mikono. Walikuwa wanautembea ua ule, wameelekea kwenye mlango wa ile nyumba, na mlango ulikuwa umeanza kufunguka. Ndani yake palikuwa peusi.

Aliishika ile pedi aivute. Vidole vya mtoto vilikuwa vya baridi na vimekaza kama koleo. Aling'oa waya wa tivii ukutani; picha haikuondoka. Akang'oa betri. Taa nyekundu haikutikisika. Akalivuta lile tundu, likagoma. Alikuwa amelichomelea vizuri mno. Kazi yake ilikuwa haina dosari, kama siku zote.

Basi akafanya lile alilolijua. Kichomeo kilikuwa bado cha moto. Akaigeuza bodi, akaweka ncha kwenye mguu wa kwanza, akaifyonza risasi yake.

Mguu wa pili. Kwenye kioo wale wawili wakasimama.

Wa tatu. Mmoja wao akageuka nyuma.

Wa nne. Kukawa na mvutano. Mmoja anavuta kwenda mlangoni, mwingine anavuta kuja huku, na mikono yao haikuachana. Mama Risasi alijiunguza kidole, wala hakusikia maumivu. "Njoo, mama. Njoo, mwanangu, njoo..."

Mguu wa tano ulipoachia, rangi zote zikaondoka kwenye kioo. Hakukuwa tena na kijani. Palikuwa na vijitu viwili vya kijivu vinavyofanana, vikashikana, vikakaribia kuanguka... kisha kimoja kikajichomoa, kikakimbia kuja mbele. Kikawa kikubwa. Kikajaa kioo chote.

Kikatoweka.

Nukta akavuta pumzi kwa kelele, mithili ya mtu aliyetolewa majini. Pedi ikaanguka. Mama yake akamkumbatia, akalia kwa sauti, akamwita majina yote aliyowahi kumwita. Mtoto alikuwa wa moto, mwenye uzito, anapumua. Alipomwachia kidogo amwangalie usoni, aliona kwamba mtoto hamtazami yeye.

Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Anaigeuza. Viganjani, nyuma. Viganjani, nyuma.

"Nina njaa," akasema.

*

Bibi hakuja jioni ile. Alikuja asubuhi, kitambaa chake cheupe kile kile.

"Chukua balaa lako!" Mama Risasi alimrushia maneno kabla hajavuka kizingiti. "Ulitaka kuniulia mtoto! Mchawi mkubwa wewe!"

Bibi hakubisha. Alishika nguzo ya mlango, akazungumza kwa sauti ndogo.

"Aliumwa miezi saba, mwanangu. Akakauka; nikawa nampaka poda kama mtoto mchanga. Mtu mmoja akaniambia anaweza kumtoa mwilini kabla ugonjwa haujammaliza, amhifadhi mahali maradhi hayafiki. Mjukuu wangu alikuwa anaipenda hiyo mashine. Nikakubali. Tukazika mwili... yeye akabaki humo. Nilidhani nimemwokoa." Alifuta macho. "Kila siku namwona amekaa pale ukutani. Peke yake. Nilitaka apate wa kucheza naye, basi. Saa moja kwa siku. Sikujua kuwa mlango ule unafungukia pande mbili."

"Pande mbili vipi?"

Pazia la chumba chao cha kulala, nyuma ya duka, lilisogea, na mtoto akatoka, tayari kwa shule, amechana nywele. Akasimama. Wakatazamana, yeye na yule bibi.

"Shikamoo, bibi," mtoto akasema.

Basi. Salamu tu, ambayo mtoto yeyote mwenye adabu angempa mzee yeyote. Lakini bibi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, akageuka, akaenda zake karibu kukimbia.

Mashine hakuichukua. Hakuonekana tena.

*

Baba mtoto, aliyekuwa mlinzi wa ghala na mtu wa maneno machache, alisikiliza habari yote, akasema mtoto apelekwe hospitali. Daktari alimpima, akasema ni homa kali iliyopanda kichwani, na homa ya namna ile huweza kufuta kumbukumbu ndogo ndogo. Zitarudi, akasema. Mtoto hakujua sukari inawekwa wapi. Alimwita mwalimu wake kwa jina lisilo lake. Lakini alikuwa mtulivu, mtiifu, anakula kila anachopewa, na mwisho wa muhula alishika nafasi ya pili.

"Unatafuta nini zaidi?" mumewe akamuuliza. "Mtoto huyo hapo. Mshukuru Mungu."

Mama Risasi alishukuru. Kisha siku moja akaichukua ile mashine na nyundo, akaenda nyuma ya duka kuisaga iwe unga. Nyundo ikiwa juu, akasita. Akaona bora aitazame mara moja tu kwanza. Akarudi ndani, akaiunganisha na tivii.

Kijitu kilikuwa kimekaa chini ya ukuta. Cha kijivu, magoti yamekumbatiwa.

"Nukta?" akanong'ona.

Kikaja mbele, kikainua mkono.

"Nukta, ni wewe? Ni wewe, mwanangu?"

Kikainua mkono.

Aliogopa kuuliza la tatu, akaliuliza. "Au wewe ni mjukuu wa yule bibi?"

Kikainua mkono.

Alirudia kuuliza mpaka koo likamkauka, na kila alipouliza, lolote lile, kijitu kiliinua mkono. Pengine hakikuwa kinamsikia. Pengine kilikuwa kimeona mtu tu, nacho kinampungia.

Usiku huo aliamua, na kesho yake jioni akawasha kichomeo. Lile tundu alikuwa bado analo. Angelirudisha, angekaa mwenyewe mbele ya kioo, ajue moja. Risasi ilikuwa imeanza kuyeyuka aliposikia nyayo nyuma yake.

Mtoto alisimama pale na gauni la kulalia.

"Usilirudishe, mama."

Mama Risasi hakugeuka mara moja. "Kwa nini?"

"Kule kuna baridi." Sauti ilikuwa inatetemeka. "Nakuomba, mama. Usilirudishe."

Alimtazama. Machozi ya kweli, mashavu ya kweli. Aliyeingia kule kwa dakika tano angeweza kuomba hivyo. Na aliyekaa kule siku nyingi angeweza kuomba vile vile. Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta kwenye uso ule alioujua kuliko wake mwenyewe, na mtoto akawa anatetemeka tu, anangoja hukumu.

Mama Risasi akazima kichomeo.

Alimbeba mtoto, akampeleka kitandani, akamfunika, akakaa naye hadi aliposinzia. Lile tundu akalitupa chooni. Mtoto aliye hai ni mtoto, alijiambia, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena swali lolote.

Mashine ile ipo rafuni, nyuma ya redio mbovu, na betri yake haijawahi kukosa umeme, anaijaza mwenyewe. Kila jioni, wateja wakiisha, hufunga mlango nusu, akaiunganisha na tivii na kukaa mbele yake. Humsimulia yule wa ndani habari za siku nzima: nani kaleta nini, mvua imenyesha au la. Naye husogea mbele, akainua mkono.

Wiki iliyopita Mama Risasi alikaa kama kawaida, akaita. Akaita tena. Akasogea hadi paji la uso wake likagusa kioo.

Hakuinua mkono.

Alikuwa amekaa pale pale chini ya ukuta, magoti yamekumbatiwa, amempa mgongo kama mtoto aliyechoka kungoja.

Na nyuma ya pazia, chumbani, mtoto alikuwa anaimba peke yake, taratibu, huku duka zima likinukia poda.